Aliyekuja Injini Ilipozimwa

Kama una shughuli, endelea nayo, tutazungumza siku nyingine. Hiki kisa sipendi kumsimulia mtu anayesikiliza nusu nusu, halafu kesho anakwenda kukieneza kwa mkato kwamba kuna mama fulani wa Busia aliyependana na mashine. Wapo waliosema hivyo, na siwezi kuwaita waongo. Lakini hawakuwa pale. Mimi nilikuwa pale. Sinywi pombe, sijawahi kuugua kichwa, na jirani yeyote atakuambia kwamba sina mazoea ya kutunga. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya unayoyatazama, tena mchana. Watu hudhani vitu vya namna ile hukutana na mtu usiku, karibu na makaburi. Huyu wangu alikuwa akija alasiri, watu wakiwa mashambani na redio zikilia.

Ilikuwa katika miaka ya tisini, simu za mkononi hazijafika kwetu. Nilikuwa nimeolewa Bukhayo, nje kidogo ya mji wa Busia, kwa mume aitwaye Wandera. Wandera alikuwa karani wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo forodhani kule Malaba. Malori yalipanga foleni kutoka mpakani hadi mtu asione mwisho wake, na kwa sababu hiyo alilala huko huko. Nyumbani alifika Ijumaa jioni, Jumapili baada ya misa akarudi. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Katika boma lile nilibaki mimi na dada yake, Ajiambo, aliyekuwa ameachana na mumewe kule Port Victoria akarudi kwao. Alikuwa wifi yangu, na ukweli ni kwamba alikuwa rafiki yangu wa pekee.

Wandera aliona upweke unanimaliza. Siku moja akaja na habari kwamba amenipatia injini ya kusagia nafaka.

"Wewe ndio utaendesha," aliniambia. "Wamama watapenda kusagiwa na mama mwenzao."

Ilikuwa injini ya dizeli ya zamani, rangi yake ya kijani imebabuka, yenye magurudumu mawili mazito ya chuma pembeni yaliyonifika kiunoni. Aliinunua kwa mjane mmoja wa Malaba, ambaye marehemu mumewe aliitoa Uganda, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba kilichofungwa. Wandera alinisimulia akicheka kwamba walipoipakia kwenye pikapu, yule mjane aliandamana nayo kwa miguu mpaka kwenye lami, amejifunika leso mabegani, akiutazama mzigo kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Fundi mmoja wa kabila la Wateso alikuja kuifunga katika kibanda cha mabati tulichojenga kando ya barabara. Akanifundisha kila kitu: jinsi ya kuzungusha hendeli, jinsi ya kuvalisha ule mkanda mrefu unaotoka kwenye gurudumu kwenda kwenye kisagio, na jinsi ya kujaza pipa la maji linalopoza injini.

"Hii kitu inataka maji, mama," aliniambia. "Ikikosa maji inakauka ndani, inashikana. Hapo hata mimi usiniite. Na ukiwa karibu na mkanda, usivae nguo ya kupepea."

Sasa, umewahi kujiuliza mtu huanza vipi kuvutwa na chuma? Nitakuambia, maana yalinipata. Kwangu yalianza na woga. Wiki za kwanza nilikuwa nikiizungusha ile hendeli huku nimefumba macho. Ikiwaka, mabati yote yanatetemeka na mimi natoka mbio nje. Halafu ukizoea, unaanza kuijua. Unajua sauti yake ya asubuhi ikiwa baridi, unajua inavyokohoa dizeli ikikaribia kwisha, unajua inavyonguruma kwa taabu ukiimwagia muhogo mkavu, na inavyotulia ukiweka mtama. Bomba lake la moshi lilipiga tu, tu, tu, kisha likaruka pigo moja, kisha tena tu, tu, tu. Sauti ile ilisikika hadi ng'ambo ya mto. Na mimi nikigusa kijiti kidogo tu pale kwenye mafuta, chuma chote kile kinanitii. Hakuna mtu aliyewahi kunitii maishani mwangu. Wewe unaye wa kukutii?

Kulikuwa na benchi ukutani. Nikikaa pale, mtetemo ulinipanda kutoka kwenye visigino, ukaja magotini, ukafika mgongoni, joto lake likinipiga upande mmoja wa uso. Nilikuwa mwanamke kijana anayeguswa siku mbili kwa juma, na mtu aliyechoka. Sitaki kulifunika hili kwa maneno. Nilianza kuamka mapema ili nikaiwashe. Nilianza kuoga kabla ya kwenda kazini, badala ya kuoga nikirudi na unga kichwani.

Ajiambo ndiye aliyeligundua kwanza. Asubuhi moja alinikuta nikijipaka mafuta miguuni mbele ya kioo.

"Wifi," akasema, "kwani huko mashine kuna harusi?"

Nilicheka, nikaifunika haraka ile chupa ya mafuta.

Yule mtu alikuja mara ya kwanza siku ya mvua. Wateja walikuwa wamekwisha ondoka na mabeseni yao, nami nikazima injini. Unajua kile kimya kinachokuja mashine ikizimwa, masikio yanabaki yakilia. Nilikuwa nimeinama nikikusanya unga uliomwagika, nilipoinuka nikamwona ameketi juu ya magunia. Mlango ulikuwa mbele yangu, na hakuna aliyeupita. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mabega mapana, amevaa ovaroli ya kijani iliyofifia kwa kufuliwa. Hakuwa na tone la mvua mwilini.

"Leo umenifanyisha kazi, nyabo," akasema.

Nyabo ni namna Waganda wanavyomwita mwanamke kwa heshima, na kwetu mpakani si ajabu kuisikia. Nilidhani ni mbebaji wa magunia aliyejikinga mvua, labda Wandera alimwajiri akasahau kuniambia. Nikamwuliza ametoka wapi.

"Niko hapa hapa," akajibu. "Nisaidie maji ya kunywa."

Nikampa ndoo na kikombe. Kikombe akakiweka kando, akainua ndoo yenyewe na kunywa yote, taratibu, bila kupumzika. Aliponirudishia, niliishika nikaiachia. Niamini, ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Nikageuka kutafuta kitambaa cha kuishikia, nikarudisha macho kwenye magunia, na hapakuwa na mtu.

Wewe ungefanyaje? Najua utasema ungekimbia, ungemwita padri. Mimi nilienda nyumbani nikapika ugali, nikala na Ajiambo, na sikusema kitu. Usiku ule nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine kilichonifanya nitake kuche haraka.

Alirudi kesho yake nilipozima. Akarudi tena. Injini ikiunguruma hayupo, ikinyamaza yupo. Maneno yake yalikuwa machache. Alinijua zaidi ya mume wangu alivyonijua. Alijua siku ninazoumwa na kiuno, alijua nyimbo ninazoimba nikidhani kelele zinanifunika, alijua kwamba nililia siku mama mkwe alipotutembelea akaniuliza kuhusu mtoto. Na kwa nini asijue? Haya yote niliyafanya mbele ya injini, nikidhani niko peke yangu. Alikuwa akiniwekea mkono mgongoni, mkono mzito wenye joto, na mtetemo ukinipanda kama nilivyozoea benchini. Nikilaza kichwa kifuani kwake nilisikia tu, tu, tu, kisha pigo moja linarukwa. Zaidi ya hapo sisemi, na wewe usiniulize.

Siku moja, yeye akiwa ameketi kando yangu, nilinyoosha mkono nikaigusa injini. Ilikuwa imesaga tangu asubuhi, ilipaswa kuniunguza. Ilikuwa baridi kama jiwe lililotolewa mtoni. Nikauondoa mkono, naye akanitazama. Basi kuanzia hapo sikuweza tena kujidanganya kwamba ni mbebaji wa magunia.

Nilianza kuzima mapema. Wateja wakija na mabeseni yao nikawaambia dizeli imekwisha. Wengine wakahamia mashine nyingine ya kusaga, ya mbali, na mimi nikafurahi. Nilikonda. Chakula kilikuwa na ladha ya moshi. Wandera akija Ijumaa nilihesabu saa za kuondoka kwake, na akinigusa nilimwona mwepesi, baridi, kama mtu aliyetengenezwa kwa karatasi.

Alasiri moja ya Alhamisi yule mtu akaniambia, "Kesho anakuja. Mwambie asinishike."

"Ni mwenye mali," nikasema.

"Mwambie tu."

Sikumwambia. Ningemwambiaje? Jumamosi asubuhi Wandera alitaka kuonyesha kwamba naye anajua mashine, akavua koti na kushika hendeli. Alizungusha vizuri kabisa. Kisha hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona, ikampiga mkono, na nikasikia mfupa ukivunjika. Tulimfunga kwa leso tukampeleka hospitali kwa baiskeli, Ajiambo akimshikilia kutoka nyuma. Alirudi na plasta hadi kwenye kiwiko.

"Hii kitu nitaiuza," akasema jioni ile. "Ina roho mbaya."

Unajua nilifanya nini? Nilimsihi asiiuze. Nilimwambia ni bahati mbaya, hata injini mpya hurudisha hendeli. Ajiambo alikuwa amekaa mlangoni akichambua vidagaa vya omena, akainua kichwa akaniangalia kwa muda mrefu.

Jumatatu Wandera alirudi Malaba, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Alasiri nilipozima, yule mtu akawa pale. Nilimwuliza kwa nini alifanya vile. Hakukana.

"Si nilikuambia," akasema. Kisha akanishika mkono. "Kesho uje na ile leso yako ya manjano. Usiifunge kiunoni. Iache ipepee, halafu ukae karibu na mkanda nikiwa nakimbia. Nimechoka kukungoja mpaka unizime. Nataka tuwe pamoja na mimi niko macho."

Nilijua maana yake. Fundi alikuwa amenionya: mkanda ukishika nguo, humvuta na mwenye nguo. Na bado asubuhi iliyofuata niliitoa ile leso sandukuni, nikaitandaza kitandani, nikaipiga pasi kwa mikono. Nilikuwa nimekwisha vaa viatu. Hili ndilo linaloniogopesha mpaka leo, kuliko ndoo, kuliko mkono wa Wandera. Sikuwa nimerogwa nisijijue. Nilijua, na nilikuwa naenda.

Kilichonizuia ni kumkumbuka yule mjane wa Malaba. Nilijiambia nitamwona kwanza, nimwulize tu, kisha nitaamua. Nikaiacha leso pale kitandani, nikamwomba Ajiambo anishikie zamu ya asubuhi, na nikamwonyesha jinsi ya kuwasha na kuzima. Alifurahi kupata kazi. Nikaenda Malaba.

Nyumba ya mjane ilikuwa nyuma ya foleni ya malori, mahali ambapo ardhi imelowa mafuta na mtu hapati usingizi kwa injini zinazowashwa na kuzimwa. Alikuwa ameketi kibarazani, na nilipokaribia nikaona mkono mmoja wa blauzi yake unaning'inia mtupu. Kabla sijajitambulisha akasema:

"Wewe ni yule wa Bukhayo. Kaa. Yeye anaendelea aje?"

"Nani, mama?"

"Unajua nani. Bado anakunywa maji mingi?"

Nilikaa. Nilikuwa nimekuja kuomba msaada, nami nikajikuta naulizwa hali ya mtu kama mke mdogo anavyoulizwa na mke mkubwa. Alitaka kujua kama kibanda chake kinavuja, kama tunamsagisha muhogo, kwa maana muhogo ulikuwa unamchosha.

"Bwana yangu ndio alianza," akanieleza. "Alikuwa anafunga mlango mchana. Nikamwuliza, akasema kuna msichana Mganda anamsaidia kufagia. Nikaingia, sikuona msichana. Siku moja mkanda ukamshika shati. Nilipobaki na mashine peke yangu ndio na mimi nikaona. Lakini mimi niliona mwanaume. Nafikiri kila mtu anaona ile kitu anakosa nyumbani."

"Na mkono wako, mama?"

Aliutazama ule mkono mtupu wa blauzi. "Alinishika hapa. Halafu akaniachilia." Uso wake ukawa wa mtu aliyetukanwa. "Sijui kwa nini aliniachilia. Kijana wangu akasema nisipouza atachoma nyumba. Ndio nikauza."

Nikasimama kuaga. Akanishika gauni kwa ule mkono wake mmoja.

"Umsalimie," akasema. "Mwambie bado niko hapa."

Sikumbuki safari ya kurudi. Nakumbuka nikishuka barabarani alasiri ile na kusikia kimya. Kibanda chetu kilikuwa kimya kabisa, na mabeseni ya wateja yamepangwa nje bila wenyewe. Nikasukuma mlango. Ajiambo alikuwa ameketi benchini, mgongo ukutani, macho amefumba, anatabasamu kama mtu anayesikiliza wimbo. Mabegani alikuwa amejitupia leso yangu ya manjano. Miguuni pake palikuwa na ndoo tupu, na niliposogea nikahisi joto lake kabla sijaigusa.

"Wifi, hukuniambia kuna mtu wa kubeba magunia," akasema. "Ni mpole sana. Hii leso niliikuta kitandani, samahani nimeichukua. Ameisifu. Amesema kesho nije nayo."

"Amesema uivae vipi?" nikauliza.

"Hivi hivi. Bila kuifunga."

Nilimwambia kila kitu hapo hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza nikaona uso wake umebadilika, lakini si kwa hofu.

"Kwa hivyo ulikuwa unamficha," akasema. "Wewe una bwana. Mimi nina nani?"

Jioni ile alijifungia chumbani kwake. Nililala mbele ya mlango wa chumba chake, na alfajiri, akiwa bado amelala, nikatoka. Nilifunga mlango wa kibanda kwa ndani kwa komeo. Nikafungua leso niliyojifunga kiunoni, nikabaki na gauni lililobana. Nikafungua bomba la pipa, maji yote yakatoka chini ya mlango hadi barabarani. Kisha nikaizungusha hendeli. Nilitarajia inipige kama ilivyompiga Wandera. Haikunipiga. Iliwaka mara moja, laini, kama iliyokuwa ikinisubiri, na hilo liliniuma zaidi ya pigo.

Nikasukuma kijiti cha mafuta hadi mwisho, nikasimama mbali na mkanda, mgongo kwenye mabati.

Mwanzoni ilikimbia vizuri. Halafu ikaja harufu ya rangi inayoungua. Sauti ikaanza kupanda, ikawa nyembamba, na lile pigo lililokuwa likirukwa likapotea. Mvuke ulijaa. Katikati ya mvuke ule, niamini au usiniamini, nilimwona amesimama na injini ikiwa inaunguruma, kwa mara ya kwanza vyote viwili pamoja. Mdomo wake ulikuwa mkavu, umepasuka. Alinyoosha mkono kuelekea ndoo. Ndoo ilikuwa tupu, nilihakikisha.

Nje Ajiambo alikuwa amefika. Alisikia ile sauti akiwa nyumbani, akaja mbio na mtungi wa maji. Alipiga mlango kwa mateke, akanisihi, akanitukana kwa jina la mama yangu. Nilishikilia komeo kwa mikono yote miwili. Ndipo injini ikaanza kuita. Sauti ile ya chuma kinachosagana na chuma ilikuwa na neno ndani yake, tena na tena, na neno lile lilikuwa jina. Ajiambo, Ajiambo, Ajiambo. Si langu. Mimi niliyekuwa mbele yake, niliyejipaka mafuta kwa ajili yake miezi yote ile, hakuniita hata mara moja. Nililia machozi, na nisingeweza kukuambia ni ya huruma, ya woga au ya wivu.

Kisha kukawa na kishindo kimoja, magurudumu yakasimama papo hapo, mkanda ukaruka ukaanguka sakafuni. Mvuke ulipopungua hapakuwa na mtu. Nilifungua mlango. Ajiambo aliingia, akamimina mtungi wake wote juu ya chuma kile, kikafuka na kupasuka mstari kutoka juu hadi chini. Akaketi chini kwenye matope ya unga.

Wandera alipokuja nilimwambia nilisahau maji. Hakunigombeza, nadhani alifurahi. Fundi alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakaipasua kwa nyundo na kuibeba vipande vipande, na sikutoka nje kuangalia. Mume wangu naye akaniomba tuhamie karibu naye, kisha akapata kazi mjini Busia, tukaanza kuishi nyumba moja siku zote saba. Watoto walikuja baadaye, wawili. Nauza vitambaa sokoni. Nina maisha mazuri, simlaumu mtu.

Lakini siwezi kukaa karibu na injini. Umeme ukipotea sokoni na wenye maduka wakawasha jenereta, mimi huacha meza yangu kwa jirani na kwenda kusimama barabarani mpaka umeme urudi. Wateja hudhani moshi unanidhuru. Si moshi. Ni visigino vyangu, vinaanza kuusikiliza ule mtetemo bila ruhusa yangu.

Ajiambo hakunisemesha kwa muda mrefu sana. Aliolewa tena, Budalang'i, na kwenye matanga au harusi alikuwa akinipa chai bila kunitazama. Mwaka mmoja mto Nzoia ulifurika ukachukua nyumba yao, akaja kukaa kwetu na watoto wake. Tulikuwa nyuma ya nyumba tukimenya muhogo, umeme ukakatika, na jirani akawasha jenereta yake. Mikono yangu ikasimama. Nikaona na yake imesimama.

"Wifi," akasema bila kuinua macho, "siku ile, ulisikia akimwita nani?"

Nilimwambia mashine haiiti mtu.

Akachukua muhogo mwingine, akaugeuza geuza mkononi. "Mimi nilisikia nikiwa nje mlangoni," akasema. "Alikuwa anakuita wewe. Mpaka akanyamaza, ni wewe tu. Ndio maana sikuweza kukusamehe."

Nilitaka kumwambia nilichokisikia mimi. Neno lilikuwa hapa mdomoni. Halafu nikafikiri, nikimwambia, atafurahi, na furaha ile itampeleka wapi? Nikanyamaza. Tulikaa pale wanawake wawili wazima wenye waume na watoto, tukisikiliza jenereta ya jirani mpaka ilipozimwa, na ilipozimwa hakuna kati yetu aliyethubutu kugeuka kutazama nyuma.

Basi nakuambia wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Kama kuna mashine unayoshinda nayo, iwe ya kusaga, ya kushona, iwe gari, iwe hicho unacholala nacho kifuani siku hizi, na umeanza kuijulia hali kabla ya watu wa nyumbani kwako, toka nje ukakae na watu, hata wale wanaokuchosha. Usingoje kuona sura yake, kwa sababu itakuwa nzuri. Na ukishaiogopa, usimwachie mtu unayempenda akushikie zamu, hata ya asubuhi moja.